Sukari Ikishuka Damuni: Mwongozo kwa Nyumba za Kitui na Makueni

Wakamba wana ada ya kuipa kila njaa kubwa jina lake, na ukame wa mwaka 1984 waliuita Nikwa Ngwete, maana yake nakufa hali nimeshika, kwani wakati ule mtu aliweza kuwa na fedha mkononi na asipate unga wa kununua. Mimi hulikumbuka jina hilo kila nisikiapo habari ya mwenye ugonjwa wa sukari aliyekutwa amezirai kitandani, shuka limelowa jasho, ilhali mkebe wa sukari u jikoni, hatua chache kutoka alipolala, na watu wa nyumba wamemzunguka wakimpepea, wakimnyunyizia maji na kumwombea dua, wakifanya kila jambo isipokuwa lile moja ambalo lingalimwokoa nusu saa kabla hajafikia hali hiyo.

Si uchoyo uliowazuia, wala si upungufu wa mapenzi. Ni kwamba kwa miaka mingi wamefundishwa ya kuwa sukari ni adui wa mgonjwa wao, nao wakalishika fundisho hilo kwa uaminifu hata wakaogopa kulivunja saa ile ile ambayo kulivunja ndiyo dawa. Sukari iliyozidi aghalabu hudhuru polepole, kwa miezi na miaka, ikila macho, figo na miguu; sukari iliyopungua hudhuru kwa dakika. Basi, ewe msomaji, uwe mgonjwa mwenyewe, au mke wa mgonjwa, au mjukuu alalaye chumba kimoja na nyanya yake, yasome haya siku ambayo wote ni wazima.

Kwa nini ubongo hausubiri

Damu yote ya mtu mzima, takriban lita 5, huchukua sukari isiyozidi ujazo wa kijiko kimoja cha chai, yaani gramu 4 au 5. Kiasi hicho kidogo ndicho riziki ya ubongo, ambao uzito wake ni sehemu 2 tu katika kila sehemu 100 za mwili, nao hutwaa karibu moja ya tano ya nguvu zote zitumikazo, na juu ya hayo hauna akiba ya kutosha ya kujilisha: hula kinachopita, na kisipopita hushikwa na njaa papo hapo. Ghala liko kwenye ini, lenye akiba ya gramu 100 hivi, nalo hufunguliwa usiku tulalapo na mchana tukichelewa kula. Misuli ina akiba kubwa kuliko hiyo, lakini ni bahili. Hutumia yenyewe, wala haikopeshi damu.

Msimamizi wa mizani hii ni kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo. Sukari ikipanda baada ya chakula, hutoa insulini, inayoiingiza sukari katika nyama za mwili na kulifunga ghala la ini. Ikishuka, huizuia insulini na kutoa glukagoni, inayolifungua. Katika mtu mwenye siha kazi hii huenda barabara kiasi kwamba hata akishinda na njaa kutwa nzima hazirai kwa kukosa sukari. Kwa hiyo usikubali upesi neno la jirani kwamba kila kizunguzungu ni sukari iliyoshuka: yamkini ni kiu, au upungufu wa damu, au shinikizo la damu, na tabibu ndiye wa kupambanua.

Mambo hubadilika insulini inapoingia kwa sindano, au kongosho linaposukumwa na tembe. Watafiti wa Toronto, walioipata insulini mwaka 1921 na kumdunga mgonjwa wa kwanza Januari 1922, waliipima nguvu ya dawa yao kwa sungura aliyeshindishwa na njaa: kipimo kilihesabiwa kwa kiasi kinachomteremshia mnyama huyo sukari hata akapatwa na degedege, naye alipopewa glukosi aliinuka. Mtafakari sungura yule, kwa maana kisa chake ndicho kisa cha mgonjwa wa nchi kame. Insulini haijui kwamba mvua za Oktoba hazikunyesha Tseikuru, wala tembe haijui kwamba sufuria ya muthokoi haikuinjikwa jana. Kila moja hufanya kazi yake kwa kadiri iliyoandikwa na daktari, na daktari aliandika akidhani utakula.

| NAMBA ZA KUKUMBUKA (milimoli kwa lita) | |
|---|---|
| 4.0 hadi 7.0 kabla ya kula | Shabaha ya kawaida ya watu wazima wengi wenye ugonjwa wa sukari |
| Chini ya 4.0 | Imeshuka. Tibu, hata kama hujisikii vibaya |
| Chini ya 3.0 | Hatari. Ubongo umeanza kukosa riziki |
| Mashine imeandika LO | Iko chini kuliko inavyoweza kusomwa. Tibu sasa hivi |
| Huna mashine | Dalili zatosha. Tibu kwanza, upime baadaye |

Tangu mwaka 2023, wahamasishaji wa afya ya jamii wamekuwa wakigawiwa mikoba yenye vifaa, na mashine ya kupima sukari ni mojawapo. Mjue wako, na ujue nyumba yake usiku.

Ni nani wa kuangaliwa zaidi

Wa kwanza ni anayejidunga insulini, na jambo hilo halihitaji maelezo. Wa pili husahauliwa, naye ndiye ninayemhofia kuliko wote: mzee anayemeza glibenklamidi, tembe ya bei nafuu iliyoenea sana, ambayo hulisukuma kongosho litoe insulini, pawe na chakula au pasiwepo, na ambayo katika mtu ambaye figo zake zimechoka hudumu mwilini muda mrefu kuliko inavyotazamiwa, hata sukari ikashuka, ikapandishwa, na kushuka tena usiku wa manane wa siku ya pili. Mzee kama huyo akizinduka baada ya kunywa maji ya sukari, watu hushangilia na kwenda kulala. Wasilale, huyo ni wa hospitali, akaangaliwe kwa siku nzima au zaidi. Anayemeza metformini peke yake, kwa upande mwingine, ni nadra kupatwa na balaa hili.

Fauka ya hao, jihadhari na dawa zinazokutana tumboni bila kujuana. Septrini, inayotolewa kwa maradhi mengi, huweza kuizidishia nguvu glibenklamidi. Kwinini huteremsha sukari yenyewe. Na baadhi ya dawa za shinikizo, kama propranololi, huficha mtetemeko na mapigo ya moyo, zikamwachia mgonjwa jasho tu liwe shahidi. Kila unapoandikiwa dawa mpya, taja zile za zamani zote.

Dalili, na namna zinavyodhaniwa vingine

Sukari ikipita chini ya 4, mwili hupiga mbiu kwa homoni ya adrenalini: mikono hutetemeka, jasho baridi humtoka mtu hata kivulini, moyo hudunda, njaa humshika ghafula, midomo hupata ganzi. Ikiendelea kushuka, ubongo wenyewe huanza kupotewa: maneno huburuta, macho huona maluweluwe, mtu huwa mkali bila sababu au huduwaa kama aliyepigwa na bumbuwazi, hutembea akiyumba, kisha huzirai au kushikwa na degedege.

Tazama sasa orodha hiyo ya pili, uone inafanana na nini. Mtu anayeyumba barabarani Kibwezi saa kumi na mbili jioni, ulimi mzito, akitukana, ataitwa mlevi na wapita njia kabla mtu yeyote hajamsogelea. Msichana anayepiga kelele darasani ataambiwa ana mapepo. Bibi anayejibu yasiyoulizwa ataambiwa ni uzee. Ukimjua mtu kuwa anatumia dawa ya sukari, na tabia yake imegeuka kwa ghafula, ichukulie kuwa ni sukari imeshuka hata ithibitike vingine. Ukikosea kwa kumpa sukari aliyekuwa nayo nyingi, kipimo kimoja hakitamdhuru kwa kiasi cha kujutia. Ukikosea kwa kumnyima aliyekosa, huenda usipate nafasi ya kusahihisha.

Usiku mgonjwa hasemi. Dalili zake ni shuka lililolowa, ndoto za kutisha, kuweweseka, na asubuhi kuamka na kichwa kinachogonga. Tena aliyepatwa mara nyingi huzoea, na mwili ukaacha kupiga mbiu. Mtu wa namna hiyo huweza kushuka hadi 2.5 akiwa anazungumza nawe, kisha akaanguka. Kwake yeye, mashine ni bora kuliko hisia, na tabibu aambiwe ili kipimo cha dawa kitazamwe upya.

La kufanya ikiwa yu macho na anaweza kumeza

1. Mketishe. Ikiwa yuko kazini, juani, au juu ya pikipiki, kazi ikome.

2. Mpe gramu 15 za sukari iendayo upesi. Chagua kimoja kati ya hivi:
   - sukari, vijiko 4 vya chai vilivyosawazishwa, au 3 vilivyojaa, imekorogwa katika maji nusu kikombe;
   - asali, kijiko kimoja kikubwa (na nani aliye Kitui akakosa asali?);
   - soda ya kawaida, nusu ya chupa ya mililita 300;
   - glukosi ya unga ya dukani, kwa kiasi cha gramu 15.

3. Ngoja dakika 15 kwa saa, si kwa kukisia. Usimwache peke yake.

4. Pima tena. Ikiwa bado iko chini ya 4, au huna mashine na dalili hazijaondoka, rudia kipimo kile kile. Ukirudia mara tatu bila nafuu, anza safari ya hospitali.

5. Akiisha kupata nafuu, ale chakula cha kushiba ikiwa mlo wake uko mbali: muthokoi, ugali na ndengu, au viazi vitamu. Sukari ya maji humwinua. Chakula ndicho kimshikacho asianguke tena.

6. Andika saa, namba, alichokula na dawa aliyotumia. Maneno hayo manne yatamfaa daktari kuliko hadithi ndefu.

Kuhusu chai ya maziwa nina neno. Ndiyo kitu cha kwanza kinachofikiwa katika nyumba zetu, na nia yake ni njema, lakini ni ya moto, mtu aliyechanganyikiwa huweza kujiunguza, na mafuta ya maziwa huichelewesha sukari tumboni. Maji baridi na sukari ni bora. Maandazi, chapati na chokoleti zina kasoro iyo hiyo ya mafuta. Embe la Makueni ni tamu, lakini kulimenya, kulikata na kulitafuna ni kazi ya mtu mzima wa akili. Liache lingoje hatua ya tano.

La kufanya ikiwa amezirai au ana degedege

1. Mlaze kwa ubavu, kichwa kimeinama kidogo ili mate yatoke. Katika degedege, ondoa vitu vigumu karibu naye. Usimkamate kwa nguvu, wala usimtie kijiko menoni.

2. Usimmiminie kitu kinywani, katu: si maji, si soda, si uji. Asiyeweza kumeza kinywaji hukipeleka mapafuni, na hapo umemwongezea mauti ya pili.

3. Ikiwa kuna sindano ya glukagoni nyumbani, nanyi mmefundishwa, mdungeni. Ni nyumba chache zilizo nayo.

4. Usimpe insulini. Yuko mtu ambaye, kwa kuingiwa na hofu, humdunga mgonjwa akidhani sindano yoyote ya sukari ni msaada.

5. Safiri. Kwa watu wa kusini mwa Kitui, Mutomo ina hospitali ya misheni; wa kaskazini waelekee Mwingi; walio pembezoni mwa barabara ya Mombasa, Makindu; na hospitali za rufaa ziko Kitui mjini na Wote. Dripu ya glukosi mshipani humrudishia mtu fahamu kwa dakika chache. Mpigie simu mhudumu wa afya mkiwa njiani, na mchukue vidonge vyake pamoja na mabomba yake ya sindano mkaonyeshe.

6. Akizinduka njiani na kuweza kumeza vizuri, rudi kwenye hatua ya pili ya sehemu iliyotangulia, lakini msigeuze gari.

Mtoto si mtu mzima mdogo

Mtoto hushuka sukari hata bila ya kuwa na ugonjwa wa sukari, kwa sababu ghala lake ni dogo: kichanga kilichochelewa kunyonya au kilichopatwa na baridi, mtoto mwenye utapiamlo mkali, na mtoto mwenye malaria kali. Kichanga kifunikwe, kiwekwe kifuani mwa mama ngozi kwa ngozi, na kinyonyeshwe upesi. Kwa mtoto mgonjwa aliyelegea, mahali ambapo dripu haipatikani mara moja, maelekezo ya Shirika la Afya Duniani ni kutia chini ya ulimi kijiko kimoja cha chai cha sukari iliyoloweshwa kwa tone moja au mawili ya maji, mtoto akiwa amelazwa kwa ubavu, na kurudia baada ya dakika 20, huku safari ikiendelea. Asali haipewi mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja.

Siku za hatari katika nchi yetu

*Siku isiyo na chakula.* Usingoje sufuria ikauke ndipo uulize. Nenda kliniki mvua zingali zinatazamiwa, useme waziwazi, bila haya: nyumbani kwetu kuna miezi tunakula mara moja kwa siku, siku hiyo nifanyeje? Kanuni ya glibenklamidi ni nyepesi: humezwa pamoja na chakula, na mlo usipokuwapo, tembe ya mlo huo haimezwi. Insulini ni jambo jingine. Baadhi ya wagonjwa, hasa waliougua tangu utotoni, hawawezi kuiacha kabisa hata wakiwa na njaa, bali hupunguziwa; na kiasi cha kupunguza hakikisiwi na jirani, huandikwa na tabibu katika kitabu chako. Naona fedheha kidogo kusema hivi, lakini wengi huficha njaa mbele ya daktari, na daktari, akiona sukari inapanda na kushuka, huongeza dawa.

*Siku ya mwethya, yaani kazi ya kundi.* Kuchimba matuta na kujenga mabwawa ya mchanga ni kazi inayokausha ghala la misuli, nayo misuli huendelea kuijaza akiba yake hata saa 24 baadaye, ikiteka sukari damuni. Ndiyo maana aliyechimba mchana salama huzirai saa tisa ya usiku. Kula kabla ya jembe, chukua sukari mfukoni, mwambie mwenzako mmoja wa kundi, na usiku ule kula kitu kabla ya kulala. Vivyo hivyo kwa mama anayetembea mwendo mrefu kufuata maji.

*Siku ya pombe.* Pombe hulizuia ini kutengeneza sukari mpya. Kaluvu kwenye tumbo tupu, juu ya insulini au glibenklamidi, ni jambo ambalo limewalaza watu wasiamke, na harufu ya kinywa ikawadanganya walioweza kusaidia. Ikiwa huwezi kuacha, basi usinywe kabla ya kula.

*Siku za kufunga.* Ramadhani, au mfungo wa kanisani wa siku tatu: zungumza na tabibu majuma kadhaa kabla. Sukari ikishuka chini ya 4 mfungo hufunguliwa saa hiyo hiyo. Maradhi ni udhuru, na viongozi wa dini hulijua hilo, waulize.

*Siku ya safari.* Dereva anayetumia insulini asishike usukani akiwa chini ya 5, na akishuka njiani aegeshe, ajitibu, kisha angoje dakika 45 baada ya sukari kurudi, kwa kuwa akili huchelewa kufika. Muguka atafunao hauondoi njaa bali huificha. Asiutumie kama mlo. Na kati ya Emali na Mtito Andei hana kisingizio, maana hekalu la Kalasinga pale Makindu, lililojengwa mwaka 1926, huwalisha wasafiri bure.

Makosa yanayorudiwa

Kuna wanaoacha dawa zote baada ya kuzirai mara moja. Sukari hupanda, na majuma yakipita hurudi hospitali kwa mlango mwingine. Kuna wanaompa mgonjwa soda isiyo na sukari, wakidhani ndiyo halali kwake. Haina msaada wowote. Kuna wanaojidunga na kutoka nje kwenda kutafuta chakula: pika kwanza, pakua, kisha jidunge. Insulini ya mchanganyiko, ile yenye ukungu, ibiringishwe viganjani mara 20 polepole, isitikiswe, la sivyo leo utavuta maji matupu na kesho dawa nzito.

Kosa moja zaidi ni la joto letu. Chupa ya insulini iliyoachwa dirishani Kyuso hupoteza nguvu, sukari hupanda, nawe huongezewa kipimo. Kisha unafungua chupa mpya yenye nguvu kamili na kujidunga kipimo kile kile kikubwa. Chupa itumikayo ihifadhiwe katika chungu kidogo kilichowekwa ndani ya chungu kikubwa, mchanga mbichi katikati yao, kivulini. Na ufunguapo chupa mpya, pima mara nyingi zaidi siku tatu za mwanzo.

Kagua nyumba yako leo

☐ Mkebe wa sukari ya dharura, mbali na ile ya chai, mahali ambapo mtoto wa miaka sita anaweza kuufikia na ameonyeshwa.
☐ Kijiko ndani ya mkebe.
☐ Pakiti ya glukosi au sukari mfukoni mwa mgonjwa, shambani na sokoni.
☐ Kadi yenye jina lake, dawa zake, na maneno haya: *Nina ugonjwa wa sukari. Nikiyumba sijalewa. Nipe sukari nikiweza kumeza.*
☐ Namba mbili za simu ukutani: ya mhamasishaji wa afya, na ya mwenye gari au pikipiki anayekubali kuamshwa usiku.
☐ Vijiti vya mashine ya kupimia sukari ambavyo muda wake haujapita.
☐ Mtu wa kulala karibu naye, anayejua kwamba shuka lililolowa jasho si la kugeuzwa tu, ni la kumwamsha mwenye kulilalia.